Kuingia Mmoja, Kutoka Wawili

Mwalimu hakusoma sifa za hoteli hata siku moja. Alisoma malalamiko tu. Alikuwa akiingia hapa kwangu saiba, penye kompyuta za kukodi intaneti, kila Jumanne baada ya chakula cha mchana, anavua kofia, anapangusa kiti kwa leso ingawa mimi mwenyewe nimeshakipangusa, kisha ananiambia, "Nifungulie wale walionuna." Nami namfungulia. Wageni kutoka pembe zote za dunia wamelala katika hoteli ndogo ya nyota mbili, katika mji wa kale huko Italia, nao wamenuna kwelikweli: maji ya moto yanachelewa, ngazi ni nyembamba, kengele za kanisa zinaanza kabla mtu hajamaliza usingizi.

"Anayesifu huenda amelipwa," alisema. "Anayelalamika amelala humo."

Tulifanya hivyo karibu miaka miwili. Mtu angetuchungulia mlangoni angedhani ni mzee wa pensheni anayetaka kwenda kujivinjari Ulaya. Wapi! Binti yake, Rael, alifia huko akazikwa huko, na Mwalimu alitaka kulala usiku mmoja katika mji uliomchukua, amwite kwa jina, amlete nyumbani. Hakutaka kingine.

Kwetu mtu akifia mbali, hata mwili usiporudi, lazima mmoja wa damu yake aende pale alipokata roho. Analala hapo, asubuhi anamwita, kisha anarudi naye akizungumza naye njia nzima: sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto, sasa tunakaribia Kakamega, huoni? Asipoenda mtu, marehemu habaki mahali pamoja. Na Rael hakuwa amebaki mahali pamoja. Tangu mazishi, mvua yetu hii ya alasiri ikianza kupiga mabati, Mwalimu alikuwa akimsikia nje ya nyumba. "Baba!" Mara moja tu, basi. Hakumwitikia, kwa sababu sote tumelelewa tukiambiwa kwamba sauti isiyo na mtu haiitikiwi. Lakini alikuwa amekonda.

Nimesema mazishi. Tulizika mgomba badala ya mwili. Tuliuvika shuka jeupe, tukautia kwenye jeneza, tukaulilia kama mtu, na mimi nililia zaidi ya wote kwa sababu nilikaa dawati moja na Rael kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Baba yake ndiye aliyetufundisha Kiswahili. Sasa nina watoto watatu na kompyuta sita, na bado mzee yule akiniambia "wewe msichana" mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Lazima niseme juu ya mdomo wake, maana ndio uliomjulisha kwa watu. Sisi wa huku ulimi wetu haujali kama ni L au ni R. Habari ni habali, kulala ni kurara, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Mwalimu aliona ni jambo la kufa na kupona. Alitupanga mbele ya ubao. "Mahali ni pale unapokwenda. Mahari ni ng'ombe. Ukichanganya, utafika kwa watu wakuulize umemtaka binti yupi." Tulicheka, kisha tulichapwa kwa kucheka.

Alipostaafu hakuacha. Alimsahihisha konda wa gari la Sigalagala aliyekuwa akiita "Sigaragara, Sigaragara!" mpaka konda akamwachia kiti cha mbele ili anyamaze. Mgombea mmoja alisimama sokoni akatuomba "kula zetu", na Mwalimu akapaza sauti kutoka nyuma, "Kama ni kula, hoteli ile pale!" Soko lote likaangua kicheko. Kanisani watu wamefumba macho, kimya, mara unasikia sauti yake kavu: "Abarikiwe. Si abalikiwe." Na mhubiri, maskini, anarudia.

Siku ya mgomba, binamu mmoja wa Rael alisimama kusoma wasifu. Akasema marehemu alipenda "kurima maua". Mwalimu, aliyekuwa ameinama muda wote, akainua kichwa. "Kulima," akasema. Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Huyu naye! Hata leo? Anaskianga aje huko ndani?" Nilimchukia Mwalimu siku hiyo, sitaficha.

Lakini nilikuwa nimeshasikia jambo jingine, miaka ya nyuma, mkewe alipofariki. Tulikuwa tumepiga magoti sebuleni, naye akaomba mwenyewe. "Bwana mpokee," akasema, "umraze mahari pema." Yeye! Hakuna aliyethubutu kukohoa. Nilifungua jicho moja nikamwona hajui alichosema. Ulimi wake ulikuwa sawa na wetu. Alikuwa ameufunga kamba tu, na akizidiwa kamba inalegea.

Rael ndiye aliyeumia zaidi yetu sote. Jina lake mwenyewe lilianza na herufi aliyoshindwa, akajiita Lael mpaka darasa la tano. Darasani baba yake hakumpunguzia kwa kuwa ni mwanawe, nadhani alimwongezea. Mwishowe akaanza kuyakwepa maneno. Akitaka rula yangu ananiambia, "Nipe hicho kijiti chako." Alikuwa akisita kabla ya kusema chochote, analamba midomo, anatafuta njia isiyo na L wala R. Watu wakamsifu kwamba ni mpole. Mpole gani! Alikuwa anachagua maneno.

Akaenda Italia kumtunza bibi mmoja mzee, kazi ya kumlisha, kumwogesha na kumsindikiza kanisani. Alikaa miaka minne. Alimpigia baba yake kila Jumapili. Kisha Jumapili moja akapiga Mkenya mwingine, mwanamke tusiyemjua, akasema mshipa umepasuka kichwani na hospitali hawakuwahi. Familia ya yule bibi ilimzika kwa heshima. Ndivyo tulivyoambiwa.

Mji wenyewe ulikuwa Ravello. Mwalimu aliuandika kwenye jalada la daftari la kurasa tisini na sita, herufi kubwa, na R aliipiga mstari chini. Alichagua hoteli kama anayechagulia mtoto shule. Kwanza tulipoteza wiki nzima kwa sababu ya neno lenyewe. Huku kwetu hoteli ni pale unapoagiza chai na chapati, kwa hivyo kila nilipomwonyesha picha alitaka kujua meza ziko wapi. Alipokubali kwamba hii ni ya kulala, masharti yakaanza. Chumba kiwe cha chini, kwa sababu ya goti. Dirisha liangalie barabara, ili anayeitwa aone anakoitwa. Kuwe karibu na kanisa. Kusiwe na mbwa, kwa maana mbwa huwaona marehemu na huwafukuza. Kisha akaniamuru niwaandikie wenye hoteli: mlango wa mbele hufunguliwa saa ngapi, na je, mgeni akizungumza kwa sauti alfajiri peke yake, wataita polisi?

"Mwalimu, siwezi kuuliza hivyo."

"Kwa nini? Ni sentensi sahihi."

Nikauliza. Hoteli mbili hazikujibu, na siwalaumu. Moja ikajibu kwamba wageni wanaombwa kuwafikiria wengine. Akaikata kwenye daftari.

Siku tulipofika kwenye fomu ya kujaribu kuweka chumba, kompyuta ikauliza idadi ya wageni. Nikaandika moja. Akanigusa bega. "Hapana. Kuingia mmoja, kutoka wawili."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo, Mwalimu."

"Basi aliyeitengeneza hiyo fomu hajafiwa."

Na huyu ni mzee wa kanisa, jamani! Aliyewahi kumkemea jirani kwa kumwaga unga kwenye kaburi la babake. Nilipomtania hivyo alinitazama juu ya miwani. "Kanisa linajua iliko roho yake," akasema. "Mimi nazungumzia sauti yake. Hayo ni mambo mawili."

Kitu kimoja kilinisumbua. Picha zote za Ravello zilikuwa na bahari, mji uko juu kabisa na bahari chini, samawati mpaka unaumwa macho. Rael hakuwahi kunitajia bahari. Ujumbe wake mmoja niliouhifadhi unasema ni mashamba tu, mapana kama ya Lumakanda, ila badala ya mahindi ni ngano. Nilimwuliza Mwalimu. "Hakuwa mtu wa maneno mengi," akasema, nami nikaachia hapo. Ningeng'ang'ana siku hiyo, tungeokoa mwaka mzima.

Alikuwa ameuza shamba la Mautuma kwa ajili ya safari, na ndugu zake walikuwa wameacha kumsalimu, pale wakala wa viza alipotuambia kuna karatasi inatakiwa: cheti cha kifo. Mwalimu akaja na Biblia. Ndani mlikuwa na bahasha kubwa yenye stempu za kigeni, haijafunguliwa. Ilikuja miezi mitatu baada ya mgomba. Alikuwa ameiweka humo muda wote.

"Fungua wewe," akaniambia. "Mimi nitaangalia nje."

Nikafungua. Karatasi moja, muhuri wa manispaa, jina la Rael na tarehe. Na jina la mji. Nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti. "Ai, Mwalimu! Kumbe hata Waitaliano! Wameandika mji kwa L. Lavello."

Hakucheka. Aliichukua karatasi akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Kisha akasema polepole, "Tafuta huo."

Nikatafuta. Upo. Ni mji mwingine kabisa, wa kale pia, upande wa pili wa milima, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka ule wetu. Nikafungua picha. Hakuna bahari. Ngano imefika mpaka kwenye nyumba za mwisho.

Kulikuwa na wateja wawili wanachapisha mambo yao, wakaona hali, wakatoka bila kuambiwa. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Siku ya kwanza aliponipigia alisema hivyo," akasema. "Kwa L. Nikamwambia, Rael, umefika Ulaya na bado? Sema Ravello. Mimi niliufahamu, niliwahi kuuona kwenye kitabu cha picha. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, 'Sawa, Baba. Ravello.'"

"Na Jumapili zilizofuata?"

"Ravello. Miaka minne."

Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nilisahau yeye ni nani. "Mwalimu! Alikuwa anaishi huko! Angekosaje jina la mji anaoamkia? Alisema sawasawa, ukamkosesha!"

"Usinipigie kelele," akasema. Kisha akavua miwani. "Hapana. Piga. Piga kelele, msichana."

Sikuweza tena. Nilimtengenezea chai yenye sukari nyingi, akainywa polepole mpaka mvua ikaanza. Ilipoanza alishtuka akatazama mlango wangu, kama mtu anayeogopa kwamba amefuatwa mpaka mjini.

Jumanne iliyofuata alikuja na daftari jipya. Lavello hakuna hoteli za kuchagua kama Ravello. Tulipata moja ndogo, ya mama mjane na mwanawe, na walionuna walikuwa wachache: trekta zinapita alfajiri. "Trekta si neno," akasema Mwalimu. Nikaandika kwa lugha yao, kompyuta ikinitafsiria, na safari hii nikaeleza ukweli wote. Nikamtaja Rael.

Jibu lilikuja siku hiyohiyo. Mama mwenye hoteli alimjua. Kila Alhamisi alasiri, siku yake ya mapumziko, Rael alikuja kunywa kahawa pale chini, na wazee wanaocheza karata walikuwa wakimngoja kwa sababu aliwachekesha. Aliiga sauti za watu wote, kuanzia padri hadi muuza samaki. Alikuwa anaongea, yule mama aliandika, anaongea mpaka kahawa inapoa.

"Si yeye," Mwalimu akasema. "Muulize vizuri. Wangu hakuwa msemaji."

Nikauliza vizuri. Ikaja picha. Alikuwa Rael wetu, mwenye pengo lake la juu, kinywa wazi katikati ya neno, mikono hewani, na wazee watatu wanajishika mbavu. Mimi nililia papo hapo. Mwalimu aliitazama mpaka kioo kikazima, nikaiwasha tena, akaitazama tena.

"Kule hakuwa na mwalimu," akasema.

Viza ilipotoka, akaenda. Nilimsindikiza mpaka anapopanda basi la Nairobi, amevaa koti la harusi yake, amebeba kimkoba kimoja na daftari. Wa kanisani walimwombea. Ndugu zake hawakuja. Alikuwa ameniandikisha maneno atakayomwambia Rael njiani akirudi naye: sasa tunapanda ndege, usiogope, nami sijawahi kuizoea. Nilirudi saiba nikashindwa kufanya kazi. Niliwaza, akifika asimpate, mzee huyu hatamaliza mwaka.

Nilijua amerudi kwa kusikia tu. Jumanne mbili zikapita bila yeye kuonekana. Ya tatu nikafunga mapema, nikanunua sukari na mkate, nikaenda kwake, barabara ya Sigalagala. Nilimkuta sebuleni. Alinikaribisha, akanimiminia chai mwenyewe. Uso ulikuwa umejaa kidogo kuliko zamani, nikafurahi.

"Nilirara siku tatu," akaanza. Nilingoja ajisahihishe. Hakujisahihisha. "Chumba cha chini, kama tulivyoomba. Alfajiri ya kwanza nikafungua dirisha, nikamwita. Hakuna. Ya pili nikamwita tena, trekta ikapita, dereva akanipungia mkono. Ya tatu nikaenda kaburini. Kuna maua, msichana. Mabichi. Wale wa karata huyabadilisha kwa zamu. Nikasimama hapo na kofia mkononi, nikajua hakuna wa kuchukua. Ametulia. Ana watu wake."

"Basi ni vizuri, Mwalimu. Umepata jibu."

"Nilifikiri hivyo. Nilipanda ndege peke yangu na moyo mwepesi. Nikafika hapa Jumatano." Aliweka kikombe chini. "Alasiri mvua ikanyesha. Akaniita."

Nikamwuliza, ingawa sikutaka kujua, "Kama amebaki kule, huyu anayekuita ni nani?"

"Miaka yote nilisikia sauti, sikusikia umri," akasema. "Niliyemfuata Italia alikuwa mtu mzima. Huyu wa hapa ana miaka saba."

Nje kulikuwa kumeanza kuingia giza kwa mawingu, ingawa ilikuwa saa kumi tu. Mwalimu alizungumza akiutazama mlango wake, ule wa mbao, uliofungwa kwa komeo.

"Nyinyi shuleni niliwachapa, ikaisha. Yeye nyumbani nilimtoa nje. Nilimsimamisha hapo mlangoni, nikafunga, nikamwambia rudia mpaka uweze. Kulala, kulala, kulala. Hata kwenye mvua. Alipoweza alikuwa ananiita, 'Baba!' Maana yake nimeweza, njoo usikie. Nami nilikuwa nasahihisha madaftari ya watu. Siku nyingine nilimaliza madaftari yote ndipo nikafungua. Mama yake alikuwa jikoni, analia." Alipangusa uso kwa leso ile ya kiti. "Huyo hakwenda Italia. Huyo hajaondoka hapo."

Nilitaka kumtukana, na nilitaka kumshika mkono, vyote kwa wakati mmoja. Rael hakuwahi kuniambia, hata kwenye dawati, hata tulipokuwa wakubwa. Nikawaza jinsi alivyokuwa akija shuleni sare ikiwa na unyevu, nasi tukimcheka kwamba mama yake hajui kuanika.

Mvua ikashuka. Ilipiga mabati kwa kishindo kile chake, tukashindwa kusemezana. Sitasema nilisikia mtu, kwa sababu sina hakika, na sitasema sikusikia. Ninachojua ni kwamba Mwalimu aliinua kichwa. Kisha akainuka, goti likalia, akavuka sebule akavuta komeo.

"Naam," akaitikia. "Naam, mama. Nimekuja."

Mlango ulifunguka, mvua ikaingia mpaka kwenye mkeka. Alisimama kando, ameushika mlango wazi, akiangalia chini, usawa wa kiuno chake.

"Umeweza," akasema. "Uliweza zamani. Ingia."

Nikavuta miguu, nikasogeza kiti changu ukutani, nikaacha nafasi ya kupita.